Bima ya ujenzi

Bima ya ujenzi ni jina la jumla la bima zinazomkinga mkandarasi, mwenye jengo, wafanyakazi na majirani dhidi ya hasara zinazotokea wakati wa kujenga, kukarabati au kubomoa. Si bima moja. Ni kinga kadhaa, na kila moja hulipa hasara ya aina yake: ya kazi inayojengwa, ya mitambo, ya mwili wa mfanyakazi, ya mali ya jirani au ya kosa la mchoro. Mkandarasi aliyekata moja tu hubaki bila kinga kwa hasara nyingine zote.

Nchini Tanzania na Kenya baadhi ya kinga hizo hudaiwa na sheria, nyingine hudaiwa na mkataba wa kazi, na nyingine huachwa kwa hiari ya mkandarasi. Kwa hiyo kuchagua bima inayofaa huanza kwa kujua nani anaweza kuumia au kupata hasara kutokana na kazi, na ni kinga ipi inayomhusu kila mmoja.

## Sababu za kuwa na bima ya pekee

Nyumba iliyokamilika hukatiwa bima kwa thamani isiyobadilika sana ndani ya mwaka. Jengo linalojengwa ni tofauti: mwezi wa kwanza ni mtaro wa msingi, na mwaka mmoja baadaye ni ghorofa lenye nyaya, mabomba na vioo. Hatari zake pia hubadilika kila hatua. Wakati wa msingi hofu kubwa ni mvua, mafuriko na kingo za shimo kubomoka. Wakati wa kumwaga zege ni mbao na mirunda kuachia. Wakati wa umaliziaji ni moto na wizi wa vifaa.

Vilevile watu wengi hukutana kwenye eneo moja la ujenzi: mkandarasi mkuu, wakandarasi wadogo wa umeme na mabomba, mafundi, saidia fundi, madereva wa malori ya mchanga, mama lishe, na wapita njia. Ajali moja inaweza kuwagusa wote.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na watu 36 walifariki. Kwa macho ya bima, tukio la namna hii lina makundi matatu ya hasara. Wafanyakazi waliokuwa kazini huangukia katika fidia kwa wafanyakazi. Wapita njia, majirani na magari yaliyoegeshwa karibu huangukia katika bima ya dhima kwa watu wa tatu. Jengo lenyewe huangukia katika bima ya kazi za ujenzi, endapo chanzo cha kuporomoka si miongoni mwa mambo yaliyotengwa na hati. Mkandarasi asiye na kinga ya kundi mojawapo hudaiwa sehemu hiyo kutoka mfukoni mwake.

## Historia

Bima ya hatari zote za makandarasi, inayofahamika kwa kifupi kama CAR, ilianza Ulaya kati ya vita kuu mbili za dunia. Hati ya kwanza ya aina hiyo hutajwa kuwa ile ya mwaka 1929 iliyokatwa kwa ajili ya ujenzi wa daraja la Lambeth juu ya mto Thames jijini London. Baadaye kampuni ya bima mtawanyo ya Ujerumani, Munich Re, iliandaa maneno ya hati na viambatisho vyenye namba ambavyo vilienea katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Mikataba ya ujenzi nayo ilichangia kueneza bima hii. Shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, FIDIC, lililoanzishwa mwaka 1913, lilitoa mwaka 1957 mkataba wa mfano wa kazi za ujenzi unaojulikana kama Kitabu Chekundu. Katika toleo la mwaka 1999 masharti ya bima yamo katika kifungu cha 18, na katika toleo la mwaka 2017 yamo katika kifungu cha 19. Miradi mingi ya barabara na maji inayogharimiwa na Benki ya Dunia au Benki ya Maendeleo ya Afrika hutumia mikataba ya FIDIC.

Nchini Tanzania, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndilo lililoshika biashara yote ya bima Tanzania Bara, hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko kwa kampuni binafsi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ndiyo msingi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) iliyopo sasa.

## Aina za kinga

### Bima ya kazi za ujenzi

Hii ndiyo CAR. Huwa na sehemu kuu mbili. Sehemu ya kwanza hulipa uharibifu wa ghafla wa kazi zinazojengwa, pamoja na vifaa vilivyokwisha kuletwa kwenye eneo la ujenzi, kutokana na moto, mafuriko, dhoruba, wizi, kuporomoka na ajali nyingine. Sehemu ya pili hulipa madai ya watu wa tatu, yaani watu wasio sehemu ya mradi, wanapoumia au mali zao zinapoharibika.

Jina "hatari zote" halina maana kwamba kila kitu kinalipwa. Maana yake ni kwamba hasara yoyote ya ghafla inalipwa isipokuwa ile iliyotajwa kuwa imetengwa. Kwa sababu hiyo ukurasa wa mambo yaliyotengwa ndio unaostahili kusomwa kwa makini kuliko kurasa nyingine zote.

Kwa kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kufunga mitambo, kama vile kituo cha kuzalisha umeme au kiwanda, hutumika bima ya usimikaji wa mitambo, ambayo kifupi chake ni EAR.

### Fidia kwa wafanyakazi

CAR haiwalipi wafanyakazi wa mkandarasi. Hao wana utaratibu wao, na hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa chini ya sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Kila mwajiri hujisajili na kuchangia kulingana na mishahara anayolipa. Mchango haukatwi kwenye ujira wa mfanyakazi. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara, kiwango ambacho baadaye kilishushwa hadi asilimia 0.5. Mfuko hugharimia matibabu, hulipa sehemu ya ujira kwa asiyeweza kufanya kazi kwa muda, hulipa mwenye ulemavu wa kudumu, na hulipa pensheni kwa wategemezi wa aliyefariki.

Kenya haina mfuko wa namna hiyo. Sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha ya kazini, maarufu kama WIBA, humtaka kila mwajiri akate bima kwa kampuni iliyoidhinishwa. Fidia ya kifo au ya ulemavu kamili wa kudumu huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96.

Ugumu mkubwa katika kundi hili ni vibarua. Saidia fundi anayelipwa jioni kwa fedha taslimu mara nyingi hayumo katika orodha ya mishahara iliyowasilishwa. Akianguka kutoka jukwaani, mkandarasi hukosa hata namna ya kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi wake, na familia hubaki kuhangaikia haki yake. Daftari la mahudhurio lenye majina, tarehe na ujira wa kila kibarua halina gharama kubwa, na ni ushahidi wa kwanza unaohitajika.

### Dhima kwa watu wa tatu

Sehemu ya pili ya CAR huwa na kikomo cha malipo kwa kila tukio. Kikomo kinachotosha nyumba ya kijijini hakitoshi ghorofa linalobanana na maduka ya Kariakoo. Mkandarasi mwenye kazi nyingi kwa wakati mmoja anaweza pia kukata bima ya dhima ya mwaka mzima inayohusu shughuli zake zote, pamoja na ofisi na karakana.

### Mitambo na magari

Mashine ya kuchanganyia zege, winchi, kijiko na jenereta huweza kuingizwa katika CAR kwa kiambatisho, au kukatiwa bima yake ya mitambo ya makandarasi. Bima hiyo hulipa mtambo uliopinduka, kuungua au kuibwa. Hailipi injini iliyokufa kwa uchakavu au kwa kukosa oili.

Gari au mtambo unaotembea barabarani huhitaji bima ya magari, ambayo ni ya lazima: Tanzania chini ya Sura ya 169 ya sheria zake, na Kenya chini ya Sura ya 405. Kinachoitwa mtaani "bima ndogo" hulipa tu madhara waliyopata watu wengine. "Bima kubwa" huongeza uharibifu wa gari lenyewe.

Kwa mtambo wa kukodi, mkataba wa ukodishaji unapaswa kusema wazi nani anaukatia bima. Usiposema, mara nyingi mwenye mtambo na mkodishaji hudhani kila mmoja kwamba mwenzake ameshafanya hivyo.

### Dhima ya kitaalamu

Mkandarasi anayechora na kujenga hubeba pia hatari ya mchoro wenye kosa. Hatari hiyo hulipwa na bima ya dhima ya kitaalamu, sawa na ile ya wahandisi na wasanifu majengo. Kwa kawaida bima hii huangalia tarehe ambayo dai limewasilishwa, si tarehe ambayo kosa lilifanyika. Mtaalamu anayeacha kuilipia baada ya jengo kukamilika anaweza kudaiwa miaka mitatu baadaye akiwa hana kinga.

## Tofauti kati ya bima na dhamana

Nyaraka za zabuni huorodhesha bima na dhamana pamoja, lakini ni vitu viwili tofauti. Dhamana ya zabuni, dhamana ya utekelezaji wa kazi na dhamana ya malipo ya awali humkinga mwenye mradi, si mkandarasi. Benki au kampuni ya bima ikimlipa mwenye mradi kwa sababu mkandarasi ameshindwa kazi, humgeukia mkandarasi na kumdai fedha hizo, mara nyingi kwa kushika mali aliyoweka rehani. Kwa hiyo mkandarasi aliyelipia dhamana zote tatu anaweza kuwa bado hana bima hata moja.

Nchini Tanzania, Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) ina mfuko unaowasaidia makandarasi wazalendo wadogo na wa kati kupata dhamana ya zabuni na ya malipo ya awali.

## Mambo yasiyolipwa

Hati nyingi za CAR hutenga vita, mionzi ya nyuklia, uharibifu wa makusudi, uchakavu, kutu, na faini za kuchelewesha kazi. Zaidi ya hayo, kuna mambo matano yanayowagusa sana makandarasi wa Afrika Mashariki:

* Kazi mbovu. Gharama ya kurekebisha sehemu iliyojengwa vibaya au kwa vifaa hafifu hailipwi. Nguzo ya zege dhaifu ikianguka na kuvunja ukuta mzuri, kwa kawaida hulipwa ukuta tu, na nguzo ni juu ya mkandarasi. Kosa la mchoro hutengwa pia, ila likiongezwa kwa kiambatisho.
* Kazi kusimama. Uharibifu unaotokana na kusimama kwa kazi, yote au sehemu, hutengwa. Watu wengi hujenga kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana. Jengo likilala miezi sita bila fundi, kampuni ya bima isipoarifiwa na kukubali, kinga inaweza kuwa imekwisha.
* Sehemu iliyoanza kutumika. Kinga hukoma kwa sehemu iliyokabidhiwa au kuanza kutumika. Mwenye jengo akipangisha maduka ya chini huku ghorofa za juu zikiendelea kujengwa, maduka hayo hutoka katika CAR, isipokuwa kwa kiambatisho namba 116 cha Munich Re au kinachofanana nacho.
* Mtikisiko na kulegea kwa ardhi ya jirani. Katika hati ya Munich Re, nyufa za nyumba ya jirani zinazotokana na mtikisiko, au na kuondolewa kwa udongo ulioishikilia, hazilipwi bila kiambatisho namba 120. Anayechimba ghorofa la chini ya ardhi mjini, au anayepigilia nguzo za msingi, anakihitaji mno.
* Jengo la zamani. Katika ukarabati, CAR hukinga kazi mpya. Jengo lililokuwepo halimo mpaka liongezwe kwa kiambatisho namba 119. Ukubwa wa hatari hii ulionekana Zanzibar tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib katika Mji Mkongwe ilipoporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafariki.

Kuna pia masharti ya kutimizwa na mkandarasi mwenyewe. Kwa nyaya na mabomba yaliyofukiwa, mkandarasi hutakiwa kuwa ameziuliza mamlaka za umeme, maji na simu mahali yanapopita kabla ya kuanza kuchimba. Asipofanya hivyo, dai la bomba lililokatwa hukataliwa.

## Kuchagua kinga

Mkataba wa kazi. Kwanza huangaliwa kifungu cha bima katika mkataba: nani anakata, kwa kiasi gani, kwa majina ya nani na kwa muda gani. Mara nyingi hutakiwa bima iwe kwa majina ya mkandarasi na mwenye mradi kwa pamoja. Wakandarasi wadogo nao wanapaswa kutajwa. La sivyo, kampuni ya bima ikilipa hasara iliyosababishwa na fundi umeme, inaweza kumfuata fundi huyo kumdai.

Bei ya zabuni. Gharama ya bima huingizwa katika sehemu ya maandalizi ya BOQ. Anayeisahau wakati wa kupanga bei, au kuipunguza makusudi ili ashinde zabuni, hujikuta baadaye akitafuta hati ya bei ndogo kuliko zote ili tu aonyeshe karatasi kwa mshauri wa mradi.

Kiasi cha bima. Kiasi sahihi ni thamani kamili ya kazi itakapokwisha, si fedha zilizokwisha kulipwa. Huhusisha pia vifaa vinavyotolewa na mwenye mradi, gharama za kuondoa kifusi, malipo ya wataalamu, na kupanda kwa bei za saruji na nondo. Mkataba wa FIDIC wa mwaka 2017 hutaka kuongezwa asilimia 15 juu ya thamani ya kazi kwa gharama za namna hiyo.

Muda. Kinga inapaswa kuanza kabla ya vifaa kufika na kuendelea hadi makabidhiano. Kisha hufuata kipindi cha matazamio, ambacho huhitaji kiambatisho chake. Kiambatisho chepesi hulipa tu uharibifu ambao mkandarasi ameusababisha anaporudi kurekebisha kasoro. Kile kipana hulipa pia uharibifu ambao chanzo chake kilitokea wakati wa ujenzi. Mkandarasi akiongezewa muda wa kazi, hati ya bima nayo lazima iongezwe muda, kwa kuwa haijiongezi yenyewe.

Kiasi cha kujibebea. Kila hati hutaja sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hujilipia. Kadiri kiasi hicho kinavyokuwa kikubwa, ndivyo ada ya bima inavyopungua. Kampuni ndogo isiyo na akiba inaweza kupata hati ya bei nafuu ambayo kiasi chake cha kujibebea hakiwezi kumudu.

Majirani. Kabla ya kuchimba, picha za nyumba jirani zenye tarehe, zilizopigwa mbele ya wenyewe na kuonyesha nyufa zilizokuwepo, hupunguza ugomvi. Humlinda jirani mwenye haki, na humlinda mkandarasi dhidi ya ufa wa zamani.

Wakandarasi wadogo. Mkandarasi mkuu hudai nakala ya usajili wao wa WCF au hati ya WIBA kabla hawajaingia kazini.

### Mfano wa bima pungufu

Mkandarasi wa kufikirika anajenga shule kwa mkataba wa shilingi milioni 800. Mwenye mradi ananunua mwenyewe nondo na saruji za milioni 200. Thamani kamili ya kazi ni milioni 1,000, lakini bima imekatwa kwa milioni 800, yaani asilimia 80. Mafuriko yanaharibu kazi ya milioni 100.

Kwa kuwa bima ni pungufu, kampuni hulipa kwa uwiano huo: asilimia 80 ya milioni 100 ni milioni 80. Kiasi cha kujibebea kikiwa milioni 5, mkandarasi hupokea milioni 75. Milioni 25 zilizobaki ni juu yake, ingawa hasara yote ilikuwa ndogo sana kuliko kiasi alichokatia bima. Hesabu hii huwashangaza wengi, kwa sababu hudhani kwamba bima ya milioni 800 hulipa hasara yoyote isiyozidi milioni 800.

## Madai

Ajali ikitokea, hatua za kawaida ni kuokoa watu, kuzuia hasara isiendelee, kuiarifu kampuni ya bima mapema kwa maandishi, na kutoa taarifa polisi ikiwa kuna wizi, kifo au jeraha. Tanzania Bara ajali za kazini huarifiwa pia kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na kwa WCF. Mabaki hayaondolewi kabla mtathmini wa hasara hajayaona, isipokuwa kwa sababu ya usalama. Na hapo hupigwa picha kwanza.

Nyaraka zinazoombwa kwa kawaida ni mkataba, BOQ, ratiba ya kazi, hati za malipo zilizoidhinishwa, stakabadhi za vifaa, vipimo vya zege vya maabara na kumbukumbu za kila siku za kazi. Mkandarasi hashauriwi kukiri kosa wala kuahidi malipo kwa jirani kabla ya kampuni ya bima kukubali, kwani hati nyingi hukataza.

## Usimamizi

TIRA husajili kampuni, madalali na mawakala wa bima nchini Tanzania. Kenya kazi hiyo hufanywa na mamlaka yake ya bima, IRA. Wakala huuza kwa niaba ya kampuni, wakati dalali wa bima humwakilisha mteja na anaweza kulinganisha hati za kampuni kadhaa. Uhalali wa hati ya Tanzania huweza kuhakikiwa katika mfumo wa TIRA uitwao TIRA-MIS.

Sheria za nchi zote mbili hutaka mali iliyo nchini ikatiwe bima kwa kampuni zilizosajiliwa humo, ila kwa kibali cha msimamizi. Miradi mikubwa kuliko uwezo wa kampuni moja hugawanywa kwa njia ya bima mtawanyo.

Mwenye bima asiyeridhika na uamuzi wa kampuni nchini Tanzania anaweza kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, kabla ya kufikiria mahakama.

## Tazama pia

* Bima
* Bima mtawanyo
* Mkandarasi
* Usalama kazini
* Zabuni